Miche iliyokufa na namba zinazojitenga: jinsi ya kuchambua data ya ukuaji wa mimea bila kujidanganya

Umepanda miche 240 ya mikoko. Umeipima kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, ukiwahi maji yakiwa yamekupwa. Sasa jedwali liko mbele yako na lina mapengo: miche zaidi ya 70 imekufa, kadhaa haikuonekana tena, mmoja umeongezeka sentimita 61 katika kipindi ambacho wenzake wameongezeka kama kumi, na mingine imefupika. Hapo wengi huuliza: nifute ipi?

Hilo ni swali la mwisho, si la kwanza. Mche uliokufa si kosa la data. Ni jibu ambalo eneo limekupa kuhusu ulichokipanda, na mara nyingi lina uzito kuliko sentimita zote ulizopima. Namba inayojitenga nayo huenda ni kosa la kalamu, au huenda ni mche uliopata mahali pazuri kuliko wenzake. Programu ya takwimu haijui tofauti hiyo. Daftari lako la shambani, likiandikwa vizuri, linaijua.

Nitatumia mfano wa mikoko kwa sababu pwani balaa zote hukutana mahali pamoja: kaa wanaotafuna mbegu, mchanga unaofukia, mbuzi, ngalawa, mafuriko. Anayefanya kazi na migunga Dodoma au miche ya kahawa Kilimanjaro atapita hatua hizihizi. Takwimu za mifano nimezitunga ili hesabu zionekane wazi.

Mpango wetu ni huu: ploti 12, yaani vipande 12 vya eneo vilivyowekewa mipaka, kila moja na miche 20 ya mkoko (Rhizophora mucronata). Ploti 6 ziko ukanda wa chini, karibu na bahari, na 6 ziko ukanda wa juu unaofikiwa na maji ya bamvua tu, yale makubwa kuliko ya kawaida. Tunataka kujua ukanda upi unafaa.

Hatua ya 1: Chagua swali, maana kila swali lina namna yake ya kuwahesabu wafu

"Ukanda upi unafaa" ni maswali matatu yaliyovaa nguo moja.

Swali la kwanza: mche ulio hai unakua kwa kasi gani? Hapa mche uliokufa unachangia vipimo vyote vya siku ulipokuwa hai, kisha unanyamaza.

Swali la pili: mche una uwezekano gani wa kuishi hadi mwisho wa miaka miwili? Hapa kifo ndicho kinachopimwa.

Swali la tatu: ploti nzima imezaa nini, kwa urefu, kwa uzito au kwa kaboni, kwa kila mche uliopandwa? Hapa, na hapa peke yake, mche uliokufa ni sifuri halali, kwa sababu eneo lake limebaki tupu kweli.

Ubishi mwingi kuhusu kuweka sifuri au kuacha wazi unatokana na watu wawili wanaojibu maswali tofauti wakidhani wanajibu moja. Mwenye mradi wa kurejesha msitu kwa kawaida anataka swali la tatu. Mwanafunzi wa ikolojia kwa kawaida anataka la kwanza. La pili wote wawili wanalihitaji, na wote wawili hulisahau. Andika swali lako juu ya ukurasa kabla hujafungua kompyuta.

Hatua ya 2: Panga jedwali ili kifo kiwe na safu yake

Mstari mmoja uwe ziara moja ya mche mmoja. Safu za lazima: namba ya mche, ploti, ukanda, tarehe halisi, urefu, hali, sababu, na maelezo. Kwa mfano:

| mche | ploti | tarehe | urefu | hali | sababu |
|---|---|---|---|---|---|
| 043 | 3 | 12/3 | 38.5 | H | |
| 043 | 3 | 9/6 | NA | K | kufukiwa |
| 044 | 3 | 9/6 | NA | P | |
| 045 | 3 | 9/6 | 27.0 | V | mbuzi |

H ni hai, K umekufa na mwili wake umeonekana, P umepotea, V uko hai lakini umevunjika au umeliwa. Kwenye safu ya urefu, mche uliokufa unaandikiwa NA, alama ya kipimo kisichokuwepo. Usiandike 0 kamwe. Ukiandika 0, miezi sita baadaye hutakumbuka kama mche ulikuwa mfu, ulikosa kupimwa, au ulikuwa haujachipua. Sifuri ya swali la tatu utaiingiza wakati wa uchambuzi, kwa makusudi, ukijua unafanya nini.

Tarehe halisi ina maana kubwa kuliko "ziara ya tatu". Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa hiyo ziara zako hazitaangukia kila siku ya tisini. Kipindi kimoja kitakuwa siku 84, kingine 101. Ukigawanya ukuaji wote kwa miezi mitatu, umetengeneza tofauti ambazo mimea haina.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni kujazia mapengo. Wanakijiji au wasaidizi wakiona mche umekufa hupandikiza mwingine palepale, kwa nia njema kabisa. Mche huo mpya upewe namba mpya na tarehe yake ya kupandwa. Ukirithi namba ya marehemu, data yako itaonyesha mche uliokuwa na sentimita 60 ukashuka hadi 25, na wewe utahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Hatua ya 3: Weka sharti la kuuita mche mfu

Mche usio na majani si lazima uwe umekufa. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, bado upo. Spishi nazo hazifanani. Mchu (Avicennia marina) huchipua tena hata ukikatwa, ilhali mkoko uliokomaa hauna uwezo huo.

Sharti linalofanya kazi vizuri ni kwamba mche uhesabiwe mfu ukikutwa bila jani hai wala kijani chini ya gome katika ziara mbili mfululizo. Ukithibitika, tarehe ya kifo irudishwe kwenye ziara ile ya kwanza. Mche ukifufuka baada ya kuandikwa K, usifute historia. Badilisha hali yake iwe V kwa ziara ile na uandike maelezo.

Mche uliopotea usiuingize kwenye kundi la waliokufa moja kwa moja. Huenda umekufa na kuchukuliwa na maji, huenda lebo ndiyo iliyochukuliwa. Acha P ibaki P; tutaona jinsi ya kuitumia kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Tenganisha ajali na kifo kinachotokana na unachokipima

Mche uliokatwa na msaidizi wakati wa kupalilia haukufa kwa sababu ya ukanda. Mche uliofukiwa na mchanga ukanda wa chini umekufa hasa kwa sababu ya ukanda. Wa kwanza unaweza kuutoa kwenye hesabu ya vifo tangu siku ile, ukisema ulikuwa hai hadi hapo na baadaye hatujui. Wa pili lazima ubaki.

Mtego uko katikati. Mbuzi ni ajali? Kama mbuzi hufika ukanda wa juu tu kwa sababu ndiko kukavu, basi kuliwa na mbuzi ni sehemu ya maisha ya ukanda wa juu, na atakayepanda huko kesho atakutana na mbuzi walewale. Ngalawa zinazovutwa juu ya miche ukanda wa chini ni hivyohivyo. Jiulize kama sababu hiyo ingeweza kuupata mche wowote kwa uwezekano uleule, bila kujali uko ukanda gani. Jibu likiwa hapana, usiite ajali.

Uamuzi huu ufanywe kwa kuangalia safu ya sababu peke yake, kabla hujaona ukanda upi unaongoza. Ukishaona matokeo, kila kifo kisichokupendeza kitaanza kufanana na ajali.

Hatua ya 5: Ona kwa macho jinsi wastani unavyodanganya

Hatua hii haihitaji programu yoyote, kalamu inatosha. Ukielewa hesabu hii, mengine yote ni ufundi.

Chukua miche kumi ukanda wa chini, yenye urefu wa kuanzia 30, 32, 34, 36, 38, 42, 44, 46, 48 na 50. Wastani ni sentimita 40. Kila mche unaoishi unaongezeka sentimita 10 kamili kwa mwaka. Mitano mifupi inafukiwa na mchanga na kufa. Waliobaki walianza na wastani wa 46, kwa hiyo mwisho wa mwaka wana wastani wa 56.

Ukanda wa juu una miche kumi yenye urefu uleule wa kuanzia. Yote inaishi, na kila mmoja unaongezeka sentimita 12. Wastani wa mwisho ni 52.

Anayelinganisha wastani wa mwisho ataandika kwamba ukanda wa chini umeshinda, 56 kwa 52. Anayetoa wastani wa mwanzo atasema ukanda wa chini umekua sentimita 16, na ule wa juu 12. Ukweli ni kwamba ukanda wa chini umekua polepole zaidi na umeua nusu ya miche. Kifo kiliondoa wafupi, na wastani ukapanda bila mche hata mmoja kurefuka kwa ajili hiyo.

Anayeweka sifuri kwa waliokufa kisha akakokotoa ukuaji naye anapotea kwa upande mwingine. Mitano iliyoongezeka 10 inatoa 50. Mitano iliyoshuka kutoka wastani wa 34 hadi sifuri inatoa hasi 170. Jumla ni hasi 120, yaani kila mche "umekua" hasi 12. Hakuna mche uliofanya hivyo.

Lakini angalia swali la tatu linavyopokea sifuri bila shida. Ukanda wa chini, urefu kwa kila mche uliopandwa ni nusu ya 56, yaani 28. Ukanda wa juu ni 52. Kwa anayelipia upandaji, hizo ndizo namba za kutazama, na zinavunjika vizuri vipande viwili: sehemu iliyoishi mara wastani wa walioishi. Ripoti vipande vyote viwili pamoja na jibu la kuvizidisha, msomaji aone tofauti imetoka wapi.

Hatua ya 6: Chambua vifo kwanza

Anza na picha. Mchoro wa Kaplan na Meier, ambao umetumika tangu 1958, unaonyesha sehemu ya miche iliyo hai ikishuka ngazi kwa ngazi. Chora mistari miwili, mmoja kwa kila ukanda. Mara nyingi mchoro huu peke yake unakueleza kama vifo vilitokea wiki za mwanzo, ambapo tatizo ni upandikizaji, au vilisambaa mwaka mzima, ambapo tatizo ni eneo.

Mbinu hii inajua pia kumtumia yule aliyepotea. Mche wenye P unahesabiwa kuwa hai hadi ziara ya mwisho ulipoonekana, kisha unatoka kwenye hesabu bila kuitwa mfu. Vivyo hivyo kwa ule uliokatwa kwa bahati mbaya. Miche iliyopotea ikiwa mingi upande mmoja, fanya hesabu mara mbili: mara moja yote ikiwa imetoka, mara nyingine yote ikiwa imekufa. Ukweli uko mahali fulani kati ya hapo.

Kumbuka kwamba hujui siku ya kifo. Unajua tu kwamba mche ulikuwa hai Machi na mfu Juni. Kwa data ya namna hiyo, napendelea kuuliza hatari ya kufa kwa kila kipindi badala ya kujifanya najua siku. Katika R, programu ya takwimu, kwa kifurushi cha nyongeza kiitwacho lme4, ni mstari mmoja:

```
kifo <- glmer(amekufa ~ ukanda + kipindi + urefu_uliopita +
              offset(log(siku)) + (1 | ploti),
              family = binomial(link = "cloglog"), data = d)
```

Kila mche unatoa mstari mmoja kwa kila kipindi ulichoanza ukiwa hai. `amekufa` ni 1 katika kipindi ulichofia, vinginevyo 0. `siku` ni urefu wa kipindi, na hapo ndipo zile siku 84 na 101 zinapopata haki yake. `kipindi` kiandikwe kama kundi, si kama namba. Makadirio ya modeli hii yanasomeka kama yale ya modeli ya Cox, ile inayotumika sana kulinganisha hatari ya kufa kati ya makundi.

Sehemu ya `(1 | ploti)` isiachwe. Dhoruba ikifukia ploti ya 4 na kuua miche 18 kati ya 20, hayo si matukio 18. Ni tukio moja lililoshuhudiwa na miche 18. Bila ploti kwenye modeli, utapata uhakika ambao data yako haina. Una ploti sita kila upande, na ushahidi wako unapimwa kwa hizo sita.

Makadirio ya `urefu_uliopita` ndiyo yatakayokuambia kama kifo kinachagua wafupi. Jibu hilo utalihitaji sasa hivi.

Hatua ya 7: Kisha ukuaji, na wafu washiriki

Kosa lililoenea kuliko yote ni kufuta kila mstari wa mche uliokufa, hata vipimo vya siku ulipokuwa mzima. Uchambuzi wa zamani wa vipimo vya kurudia kwa ANOVA (ulinganishaji wa wastani wa makundi) hufanya hivyo wenyewe kimyakimya: pengo moja, mche mzima nje. Modeli mseto, inayokadiria mwenendo wa wote pamoja na tofauti za kila mche na kila ploti, haina tabia hiyo. Inachukua vipimo vilivyopo, vitatu au vinane, na inajifunza kutoka kwa vyote.

Hili lina faida ya kitakwimu ambayo watu wengi hawaielewi. Kama mche ulikufa kwa sababu ulikuwa mfupi, na ufupi huo umo kwenye vipimo vyake vya nyuma, basi modeli mseto iliyopewa vipimo hivyo inarekebisha upendeleo kwa kiasi kikubwa. Ukivifuta, umefuta pia taarifa iliyokuwa ieleze kwa nini mche haupo.

```
ukuaji <- lmer(log(urefu) ~ muda * ukanda +
               (1 + muda | mche) + (1 | ploti), data = hai)
```

`hai` ni mistari yote yenye urefu uliopimwa, ikiwemo ya miche iliyokufa baadaye. Logarithimu ya urefu inaufanya mteremko wa muda kuwa kasi ya ukuaji kwa uwiano, ambayo kwa vipimo viwili ni ln (logarithimu asilia) ya urefu wa pili kutoa ln ya urefu wa kwanza, kugawanya kwa muda. Kwa nini uwiano? Mche uliotoka 20 hadi 30 kwa mwaka una 0.405, uliotoka 60 hadi 80 una 0.288. Wa pili umeongeza sentimita mara mbili ya wa kwanza, ila kwa kulingana na ukubwa wake umekwenda taratibu. Miche yako ikianza na ukubwa tofauti, sentimita tupu zitawapendelea wakubwa.

Modeli haitakuokoa na kila kitu. Kama mche ulianza kunyauka baada ya ziara ya mwisho na ukafa kabla ya nyingine, kunyauka huko hakumo kwenye data yako, na kasi ya ukanda wenye vifo vingi itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Zipo modeli zinazounganisha ukuaji na kifo kwa pamoja, kama zilizomo kwenye kifurushi cha JMbayes2, na kwa data kubwa zinastahili jasho lake. Kwa ploti 12, mimi ningeridhika na modeli mbili tofauti na sentensi ya ukweli: kasi hii ni ya miche wakati ikiwa hai, isisomwe bila jedwali la vifo.

Hatua ya 8: Namba zinazojitenga

Sasa turudi kwa mche wetu wa sentimita 61. Tuseme ploti yake ina nyongeza hizi: 8, 9, 9, 10, 10, 11, 12, 12, 13, 61.

Kanuni ambayo wengi wamefundishwa ni kutupa kinachozidi mikengeuko sanifu mitatu kutoka kwenye wastani; mkengeuko sanifu hupima jinsi namba zilivyotawanyika. Jaribu hapa. Wastani ni 15.5, mkengeuko sanifu ni 16.06, na 61 iko umbali wa 2.83. Imepita! Si bahati mbaya: namba ile kubwa imevuta wastani na kunenepesha mkengeuko, ikajificha ndani ya unene huo. Zaidi ya hapo, katika sampuli ya n umbali mkubwa unaowezekana ni (n − 1) gawanya kwa kipeuo cha pili cha n. Kwa n = 10 ni 2.85. Hata ungeandika kilomita moja, kanuni ya mikengeuko mitatu isingeikamata. Inaanza kuwezekana kuanzia n = 11.

Tumia mediani, yaani namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa, badala ya wastani. Mediani hapa ni 10.5. Chukua umbali wa kila namba kutoka 10.5, kisha mediani ya umbali huo: ni 1.5. Sasa 0.6745 × (61 − 10.5) ÷ 1.5 ni 22.7. Kikomo kinachopendekezwa kwa kipimo hiki ni 3.5. Sasa inang'aa.

Kung'aa, hata hivyo, ni kuitwa shahidi, hukumu bado. Kazi ya kipimo hiki ni kukupa orodha ya mistari ya kwenda kuikagua. Ukaguzi una mpangilio.

Kwanza soma historia ya mche wenyewe. Urefu wake ulikuwa 34.0, ukawa 95.0, ziara iliyofuata 52.5? Basi 95 ni kosa, labda 45 iliyosomwa vibaya. Ukiwa 34, 95, 103, 110, hapo kuna jambo jingine.

Pili, tafuta makosa ya kawaida: nukta iliyohama (112 badala ya 11.2), milimita zilizoandikwa kwenye safu ya sentimita, 1 iliyosomwa 7. Kisha tazama majirani. Miche miwili ikibadilishana lebo, mmoja utaruka juu na mwingine utaporomoka katika ziara ileile, na ukiwabadilisha yote mawili yanatulia. Mara nyingi sana ni hilo.

Tatu, rudi kwenye daftari la karatasi, na umuulize aliyepima. Msaidizi wako anakumbuka mambo ambayo hayakuingia kwenye safu yoyote.

Nne, kama mche bado upo, nenda ukaupime.

Ukipata ushahidi wa kosa na thamani sahihi, rekebisha na uandike. Ukipata ushahidi wa kosa bila thamani sahihi, fanya kipimo hicho kimoja kuwa NA, si mche mzima. Usipopata ushahidi wa kosa, namba inabaki. Mche uliopata mkondo wa maji baridi pembeni ya ploti unaweza kweli kuwaacha wenzake mbali, na msitu wa kesho utatokana na miche kama huo.

Kuibakiza hakumaanishi kuiacha itawale. Mara nyingi ukiingia kwenye logarithimu, nusu ya namba zilizojitenga hurudi kundini, kwa sababu ukuaji kwa asili yake una mkia mrefu upande wa kulia. Baada ya kuendesha modeli, kagua mabaki yake (tofauti kati ya kipimo na makadirio ya modeli) na umbali wa Cook (kiasi ambacho kipimo kimoja kinayavuta matokeo), maana kinachojitenga kwenye data ghafi huenda kimeelezwa vizuri na modeli, na kinachoonekana cha kawaida huenda ndicho kinachovuta mstari wote. Kikibaki kinachovuta, tumia rigresheni inayostahimili, kama `lmrob` ya kifurushi cha robustbase, au modeli yenye mgawanyo wa t, unaotarajia namba za mbali zaidi kuliko mgawanyo wa kawaida. Hizo hupunguza sauti ya mwenye kelele bila kumfukuza kikaoni.

Sanduku la Tukey, mchoro unaotia alama namba zilizo nje ya nusu ya katikati ya data kwa zaidi ya mara 1.5 ya upana wake, litumie kuangalia, si kufuta. Hata data safi kabisa yenye mgawanyo wa kawaida hutoa takriban namba 7 kati ya 1,000 nje ya mistari yake. Vipimo vyako vikifika 1,900, vipimo 13 visivyo na hatia viko hatarini.

Hatua ya 9: Mimea iliyofupika

Ukuaji hasi una vyanzo vitatu, na havitendewi sawa.

Kuna mche ulioliwa au kuvunjika, ile hali ya V. Ufupi wake ni wa kweli. Kwa swali la kasi ya ukuaji wa mche mzima, anza kuuhesabu upya baada ya jeraha. Kwa swali la ploti, uache ulivyo.

Kuna tope lililopanda. Mikoko ina mtego huu kuliko mimea mingi ya nchi kavu. Ukipima kutoka kwenye tope hadi ncha, na mchanga umeongezeka sentimita 6 tangu Machi, kila mche kwenye ploti utafupika kwa 6. Ukiona ploti nzima imeshuka pamoja, usitafute ugonjwa. Pima kutoka alama isiyohama: pale shina jipya linapochomoza juu ya ile mbegu ndefu, au mstari wa rangi.

Na kuna kosa dogo la kawaida la mkono. Hapa watu hufuta hasi zote wakisema mmea haurudi nyuma. Usifanye hivyo. Kosa la mkono hurefusha na kufupisha kwa usawa. Ukifuta waliofupishwa na kuwaacha waliorefushwa, wastani wako umepanda kwa kosa ulilolitengeneza mwenyewe.

Kisiwa cha Barro Colorado, Panama, ambako miti ya ploti ya hekta 50 imekuwa ikipimwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wana utaratibu unaofaa kuigwa. Mti unaondolewa kwenye hesabu ya ukuaji ikiwa kipenyo kimeongezeka zaidi ya milimita 75 kwa mwaka, au kimepungua zaidi ya mara nne ya kosa la kawaida la upimaji. Kosa hilo, kwa milimita, ni 0.9036 + 0.006214 × kipenyo. Kwa mti wa milimita 200 ni kama 2.15, kwa hiyo kupungua hadi milimita 8.6 kunavumiliwa na kubaki kwenye data.

Namba hizo ni za miti yao, si za miche yako. Tafuta zako: kila ziara, chagua miche 20 kwa bahati nasibu, ipimwe mara mbili na watu wawili wasioona namba za mwenzao. Mkengeuko sanifu wa tofauti zao, ukigawanywa kwa 1.41, ndio kosa lako la upimaji. Ni kazi ya nusu saa, na maji hayajaanza kujaa.

Hatua ya 10: Endesha mara mbili, ripoti yote

Faili ghafi lisiguswe. Marekebisho yote yakae kwenye hati ya amri za R, kila moja na sababu yake, ili mtu mwingine aweze kuyarudia au kuyakataa. Kisha endesha uchambuzi ukiwa na namba zinazotiliwa shaka, na tena ukiwa huna. Kwenye ripoti, hesabu za miche zifungane kama hesabu za duka:

"Miche 240 ilipandwa (120 kila ukanda). Miche 71 ilikufa, 58 kati yake ukanda wa chini. 9 haikuonekana tena na ilihesabiwa hai hadi ziara ya mwisho ilipoonekana. 3 ilikatwa wakati wa kupalilia na iliondolewa kwenye hesabu ya vifo tangu tarehe hiyo. Vipimo 5 vya urefu vilifanywa NA kwa makosa yaliyothibitishwa na daftari. Hakuna kipimo kilichoondolewa kwa ukubwa wake pekee."

Matoleo mawili yakikubaliana, sentensi moja inatosha kusema hivyo. Yakipingana, yaani tofauti ya kanda mbili ikitokea na kupotea kwa sababu ya mche mmoja, usichague lile linalopendeza. Chapisha yote mawili, mtaje mche wenyewe: mche 117, ploti ya 5, mita mbili kutoka kwenye mkondo wa maji baridi. Na msimu ujao wa kupanda, weka ploti tatu kando ya mkondo huo na tatu mbali nao, upime kama ulikuwa mche au maji.